Papa Wemba na muziki wa miaka ya 90: kile wapenzi wake wa Lemera wanakumbuka

Kila mwaka mwezi wa nne ukifika, nyimbo za Papa Wemba zinarudi kwenye redio za Uvira, Sange, Luvungi na huku juu Lemera. Ni kwa sababu ya tarehe 24 mwezi wa nne 2016, siku alianguka jukwaani kule Abidjan, Côte d'Ivoire, akiwa na miaka 66. Vijana wa leo wanamjua kwa jina tu, ao kwa kofia zake. Lakini kwa mtu wa Lemera aliyekuwa na miaka kumi na tano ao makumi mbili wakati wa Zaire, ile sauti nyembamba ya kupanda juu inamrudisha fasi moja tu: miaka ya mwisho kabla ya vita ya 1996.

Jina lake la kuzaliwa ni Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba. Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa sita 1949 kule Lubefu, katika Sankuru, inchi ya Watetela, kule kule alikotoka Patrice Lumumba. Mama yake alikuwa mwanamke wa kulia matanga: watu walimwita kwenye kilio ili aimbe na kuwaliza wengine. Mtoto alikuwa anamfuata. Wapenzi wengi wanasema ile sauti ya kilio njo ilimfanya Wemba kuwa Wemba, na kweli, mtu akisikiliza vizuri nyimbo zake, hata zile za kucheza, ataona kuna mahali sauti inapanda kama ya mtu anayeita marehemu.

Alipokuwa kijana Kinshasa alijiita Jules Presley, kwa kumwiga Elvis Presley wa Marekani. Hiyo si kichekesho tu, inaonyesha vijana wa Kinshasa walikuwa wanasikiliza nini. Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 1969 orkesta Zaïko Langa Langa ilizaliwa, na yeye alikuwa kati ya waimbaji wa kwanza. Zaïko iliacha tarumbeta na saksofoni za wazee kama Franco na Tabu Ley, ikabakia na gitari, ngoma na sauti nyingi pamoja. Rumba ikawa na mbio na makelele ya rock. Kwa hiyo baadaye watu wakamwita Wemba mfalme wa rumba rock. Mwaka 1974 alitoka Zaïko, akapitia Isifi Lokole na Yoka Lokole, na mwaka 1977 akaunda orkesta yake mwenyewe, Viva la Musica. Nyumba yake ya Matonge ikageuka kijiji, kijiji Molokai, na yeye akawa chifu wake wa kimila. Kwenye ile Viva la Musica walipita King Kester Emeneya na Koffi Olomide. Ukihesabu waimbaji wote waliotoka mkononi mwake utachoka.

Kuna jambo moja watu wa Kivu wanapenda kukumbusha. Mwaka 1987 Wemba alicheza kwenye filamu La Vie est belle, akiwa kijana wa kijijini anayeenda Kinshasa kutafuta muziki. Mmoja wa watu wawili waliotengeneza ile filamu ni Mweze Ngangura, mtoto wa Bukavu.

Tuje sasa kwenye miaka ya 90. Mwaka 1992 Wemba alitoa albamu Le Voyageur kwenye nyumba ya Real World, ya mwimbaji wa rock wa Uingereza, Peter Gabriel. Mwaka 1993 alitembea naye inchi nyingi kwenye ziara yake. Mwaka 1995 ikatoka Emotion, yenye wimbo Yolele, na ndani yake aliimba pia wimbo mmoja wa Otis Redding kwa Kiingereza. Wakati ule alikuwa na muziki wa aina mbili: mmoja wa wazungu, mfupi, wenye sinteti nyingi, na mwingine wa wapenzi wa nyumbani, wenye seben ndefu na majina ya watu yanayotupwa. Mwaka 1996 yeye na Koffi Olomide wakatoa Wake Up. Watu wa huku walipenda zaidi ule wa nyumbani. Emotion ilisifiwa sana Ulaya, lakini huku wengi walisema ni fupi, inaisha kabla mtu hajasimama kucheza.

Hizo kaseti zilifika je Lemera? Hazikutoka Kinshasa moja kwa moja. Kinshasa ni mbali na barabara hakuna. Nyingi zilipitia Bujumbura, upande wa pili wa mpaka, ao Bukavu. Mwenye butike alinunua moja ya kweli na kutoa kopi kwenye redio ya kaseti mbili. Kopi ya kopi ilikuwa inatoa sauti kama mtu anaimba ndani ya pipa. Juu ya karatasi waliandika jina kwa biki, mara nyingi vibaya, ndiyo sababu hata leo kuna wazee wanaita nyimbo kwa majina hayako kwenye albamu yoyote.

Umeme haukuwapo kwa watu wengi. Redio ilitumia mapile, na mapile yalikuwa ghali, hasa wakati pesa ya Zaire ilikuwa inaanguka kila siku. Mwaka 1993 serikali ilileta zaire mpya, nayo ikaanguka vilevile. Watu walianika mapile kwenye jua ili yapate nguvu kidogo. Walirudisha kaseti nyuma kwa biki, kuizungusha kwa mkono, ili wasimalize mapile bure. Kwa hiyo wimbo haukusikilizwa ovyo. Watu kumi ao zaidi walikusanyika kwa redio moja, kwenye ndoa, kwenye kunywa kasiksi, ao siku ya soko.

Si kila mtu alifurahi. Lemera ni kituo cha zamani cha misioni ya Wapentekoste kutoka Sweden, na hospitali ya Lemera ni kazi ya kanisa lao. Kwa Wakristo wengi ile ilikuwa miziki ya dunia, na kijana wa korali aliyekutwa akicheza seben aliweza kusimamishwa. Lakini ukweli ni kwamba gitari za korali zilijifunza mengi kwa zile kaseti. Wapiga solo wengi wa makanisa ya huku, ukiwasikia vizuri, vidole vyao vimepitia Kinshasa.

Tena kulikuwa na neno la lugha. Nyimbo zilikuwa kwa Lingala, na Wemba alichanganya pia Kitetela. Huku watu wanasema Kifuliiru na Kiswahili. Lingala ilikuwa lugha ya askari wa Mobutu, ya kizuizi barabarani, ya mtu anayekuomba karatasi na kisha kukunyanganya kuku. Watoto walijua maneno ya mapendo kwa Lingala kutoka kaseti, na maneno ya amri kwa Lingala kutoka kwa askari. Lugha ileile moja. Wale waliokuwa vijana wakati ule wanasema hawakuona shida: ya muziki ilikuwa ingine, ya askari ingine. Ila wazazi wao hawakuona hivyo, na walipowasikia watoto wakiimba Lingala nyumbani waliwanyamazisha.

Kisha ikaja 1996. Tarehe 6 mwezi wa kumi, hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa kitandani pamoja na watu wa kazi ya hospitali. Daktari Denis Mukwege, ambaye mwaka 2018 alipewa tuzo la Nobel la amani, alikuwa mkubwa wa ile hospitali. Tarehe 23 mwezi ule ule, jina la Lemera likaandikwa kwenye mapatano yaliyounda AFDL ya Laurent-Désiré Kabila, na mwisho wa mwezi Uvira ikawa mikononi mwao. Ulimwengu unajua Lemera kwa hayo mambo mawili.

Watu walikimbia, wengine porini, wengine kuvuka Ruzizi ao ziwa. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria, nguo kidogo. Redio ilibebwa na wengine, lakini si kartoni la kaseti. Waliporudi, nyumba nyingi zilikuwa zimeporwa. Ndiyo maana kwa hii kizazi Papa Wemba si mwanamuziki tu: ni alama ya upande wa pili wa mwaka ule. Mtu anasikia wimbo wa 1995 na anakumbuka ndugu aliyekuwa anaucheza, na yule ndugu hayuko tena.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Pamoja na AFDL, Kiswahili kilipanda bei na Lingala ikashuka kidogo, hata Kinshasa watu walishangaa. Mwisho wa 1997 Wenge Musica ilipasuka, JB Mpiana huku, Werrason kule, na vijana wakagawanyika. Mwezi wa nane 1998 vita ya pili ikaanza. Pépé Kallé akafa tarehe 28 mwezi wa kumi na moja mwaka ule, na katika milima ya huku wengi walipata habari ikiwa imechelewa sana. Wemba alitoa Molokai mwaka 1998, lakini inchi ilikuwa imekatwa vipande, na kaseti za Kinshasa zilifika kwa shida.

Lazima pia kusema yale ambayo wapenzi wake hawapendi kusikia. Mwaka 2003 Wemba alikamatwa Ufaransa kwa sababu ya kuingiza watu Ulaya kwa visa za wanamuziki, watu ambao hawakuwa wanamuziki. Alikaa gerezani miezi michache na mwaka 2004 mahakama ya Bobigny ilimhukumu. Kuhusu hilo, watu wa Lemera bado wanabishana. Wengine wanasema alisaidia vijana kutoka kwenye taabu. Wengine wanajibu kwamba walilipa pesa nyingi, na msaada haulipishwi. Vilevile kuhusu Sape, ile dini ya kuvaa aliyoikuza: mavazi ya Paris na Japani kwa inchi ambako mwalimu hapati mshahara. Wanaompenda wanasema aliwafundisha vijana maskini usafi na heshima. Labda, lakini kuna vijana waliouza mbuzi wa baba kwa ajili ya viatu, na hilo pia ni sehemu ya kumbukumbu.

Kifo chake kilionekana na watu wote. Ilikuwa kwenye tamasha FEMUA, katika mtaa wa Anoumabo, usiku wa kuamkia siku ya yenga. Alikuwa anaimba, akaanguka nyuma ya wachezaji, na wachezaji wakaendelea kucheza kidogo kabla hawajaelewa. Ile video ilifika Lemera kwa simu siku ileile. Mwili ulirudishwa Kinshasa, ukawekwa Palais du Peuple ili watu wautolee heshima, na tarehe 4 mwezi wa tano akazikwa. Mtoto wa mwanamke wa kulia matanga alililiwa na inchi nzima, hata upande huu ambako hakuna mtu aliyeweza kusafiri kwenda kilio.

Leo nyimbo zenyewe hazijapotea. Sokoni kijana mwenye kompyuta anakujazia memori ya simu kwa pesa kidogo, Wemba, Emeneya, Madilu, vyote pamoja bila mpangilio. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo zote mbili kati ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Kile kinaweza kupotea ni kingine: kaseti za korali na za orkesta ndogo za bonde la Ruzizi, zilizorekodiwa kwa redio ya kawaida, zisizo na kopi Bujumbura wala Paris. Ile ikioza, imekwisha.

Kwa wale ambao bado wanazo: kaseti iliyokaa miaka katika unyevu isichezwe haraka, kwa sababu utepe unashikana na kukatika. Iachwe kwanza siku chache fasi kavu, lakini si juani. Irudishwe polepole kwa biki, upande mmoja hadi mwisho, kisha upande wa pili. Redio itakayotumiwa isafishwe kichwa chake kwa pamba na alkoli. Ichezwe mara moja tu huku simu ikirekodi, kwa waya kama uko, ao ndani ya chumba kimya. Na kabla ya kitu chochote, aandikwe kwenye karatasi ni nani anaimba, nani anapiga gitari na ilikuwa mwaka gani, maadamu aliye na kumbukumbu hiyo bado yuko.