Mzimu Hauui: Juu ya Misimu ya Hadithi za Upelelezi

Mtu aliyezaliwa Musoma au Bunda katika mwaka wa 1960 alitimiza miaka thelathini na mitatu kabla ya kituo chochote cha televisheni kufunguliwa Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kenya, ambayo mpaka wake hauko mbali na Musoma, ilikuwa nayo tangu 1962. Bara ilingoja hadi 1994. Aliyeushika mlango huo kwa muda mrefu alikuwa mwana wa nchi hiyo hiyo ya Mara, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Hoja ya serikali yake haikuwa ngumu kueleweka. Televisheni ni chombo cha gharama. Ingewafaa wachache wa mijini na kulipanua pengo lililo baina yao na watu wa vijijini. Tena ingejaza nyumba kwa picha za ugenini kabla nchi haijaweza kutengeneza zake.

Leo mlango huo umeng'olewa pamoja na kizingiti chake. Kijana wa Bunda mwenye simu mkononi aweza kutazama tamthilia ya upelelezi iliyopigwa picha Uingereza kabla yeye hajazaliwa, akaimaliza, akairudia, kisha akashindana na wenziwe msimu upi ulio bora. Wako waonao kuwa mashindano hayo ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Husema kwamba hadithi ya jinai ni fumbo, na fumbo likisha kufumbuliwa halina utamu. Airudiaye ni kama mtu atafunaye kapi la muwa. Neno hili ladai jibu, maana likiwa la kweli, sehemu kubwa ya riwaya za Kiswahili tangu 1960 haistahili kusomwa mara mbili. Lakini si la kweli. Fumbo hufa mara ya kwanza. Kinachobaki ni njia iliyopitwa mpaka jawabu likapatikana, na njia hiyo ndiyo mizani ya kupimia misimu.

Mfano ulio wazi ni tamthilia ya Sherlock Holmes iliyotengenezwa na kampuni ya Granada ya Manchester. Ilianza kuonyeshwa mwaka 1984 ikaisha Aprili 1994, mwaka ule ule Tanzania Bara ilipopata televisheni. Jumla yake ni vipindi 41, vitano miongoni mwake vikiwa filamu ndefu, na katika vyote Holmes ni mchezaji mmoja, Jeremy Brett. Rafiki yake, Daktari Watson, alichezwa kwanza na David Burke, na tangu 1986 na Edward Hardwicke. Wapenzi wa tamthilia hii wamegawanyika makundi mawili. Kundi lililo kubwa hushikilia miaka ya 1984 hadi 1988, wakati hadithi za Arthur Conan Doyle zilipofuatwa kwa uaminifu na mchezaji alikuwa katika nguvu zake. Kundi la pili hutetea miaka ya mwisho. Brett alikuwa akiandamwa na maradhi ya moyo na ya nafsi. Katika kipindi kimoja cha 1994 ilibidi kazi ya Holmes ifanywe na ndugu wa Holmes katika hadithi, kwa kuwa Brett hakujiweza. Naye akafariki Septemba 1995. Watetezi hao huona katika uso wake uliochoka ubinadamu ambao Holmes wa mwanzo hakuwa nao.

Makundi yote mawili yana la kusema, lakini hoja ya uso uliochoka humpima mchezaji, haimpimi mpelelezi. Chukua hadithi iliyotolewa mwaka 1892, ya bibi arusi aliyetoweka siku ya harusi yake. Katika hadithi hiyo Holmes hutazama kipande cha karatasi kilichoandikwa ujumbe. Wengine husoma ujumbe. Yeye hukigeuza akasoma bei za hoteli zilizo nyuma yake, akajua kuwa hoteli zenye bei za namna hiyo ni chache, akamtafuta mtu huko. Filamu iliyotengenezwa kwa hadithi hii mwaka 1993 ilimwongezea Holmes ndoto za kutisha, na ndoto zile zikageuka kuwa habari za kweli za mambo asiyoyajua. Hapo ndipo msimu ulipoharibika. Ndoto ya mpelelezi haiwezi kukaguliwa na mtu mwingine. Karatasi yaweza: Watson aweza kuishika, askari aweza kuishika, mtazamaji naye aweza kuirudia na kujiuliza kwa nini yeye hakuiona. Atazamaye mara ya pili hupata katika karatasi faida ambayo hawezi kuipata katika ndoto.

Mizani hii haikuletwa Afrika Mashariki na televisheni. Ilikuwako mapema, imeletwa na kitabu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi yaliyofanywa na Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki mwaka 1957 na 1958, na riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, ni jamaa wa Holmes bila kificho. Lakini mwandishi hakuiga tu. Alimpa mpelelezi wake kazi iliyo ya huku kwetu. Maiti ya Bwana Ali yaonekana penye mzimu, mahali ambapo watu wamezoea kuona mkono wa wasioonekana. Rahisi kuliko yote ingekuwa kusema kwamba mzimu umeua, kisha watu wakaenda zao. Bwana Msa hakubali. Mzimu hauui; aliyeua ni mtu, naye aliacha alama. Katika Kisima cha Giningi, kilichochapishwa mwaka 1968, jina lenyewe ni la mahali ambapo masimulizi ya Zanzibar huwaweka wachawi. Jina la kichawi liko mlangoni, na ndani mna mkono wa mwanadamu.

Vitabu vya Bwana Msa navyo vina misimu yake, na mabishano yake. Duniani Kuna Watu cha 1973 na vile vilivyokifuata haviegemei sana mauaji. Vimejaa siri za nasaba, ndoa na malezi, na wahakiki wengine huvisifu kwa sababu hiyo kuwa vimekomaa. Mwaka 1984, ule ule Holmes wa Granada alipoanza kuonekana, ukatoka Kosa la Bwana Msa, ambacho jina lake tu lamvika mpelelezi udhaifu wa binadamu. Wakati huo huo Kiswahili kilikuwa kimepata shujaa wa namna nyingine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Kisha Elvis Musiba, kwa Kufa na Kupona cha 1974, akamleta Willy Gamba, jasusi ambaye hushinda kwa bastola na ngumi kama ashindavyo kwa akili. Vijana walimpenda, wala si ajabu. Lakini kwa mizani ya njia, Gamba yuko chini ya Msa. Mtu aliyepigwa ngumi akasema ametoa maneno, hajatoa ushahidi.

Itafaa sasa kurudi Butiama, kwa kuwa mtu yule aliyeinyima Bara televisheni hakuinyima tamthilia za jinai. Alizitafsiri yeye mwenyewe. Tafsiri yake ya kwanza ya mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari ilichapishwa mwaka 1963, ikarekebishwa na kutolewa tena mwaka 1969, mwaka uliotoka pia Mabepari wa Venisi. Mchezo wa kwanza ni wa mauaji yafanywayo mchana, mbele ya macho ya watu. Hapana haja ya kuuliza nani aliyeua, na bado wasomaji huurudia. Wa pili hufikia kilele chake mahakamani, ambapo maisha ya mtu huokolewa kwa kuusoma mkataba neno kwa neno na kuona kisichoandikwa ndani yake. Katika Juliasi Kaizari mna tukio fupi ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Baada ya mazishi umati wenye hasira unakutana na mshairi asiye na hatia, ambaye jina lake lafanana na la mmoja wa wauaji. Anawaeleza kwamba yeye siye. Umati haujali, unamuua.

Tukio hilo lina maana nzito katika nchi zilizozunguka Ziwa Viktoria. Kwa miaka mingi, hasa Usukumani, wazee, na zaidi wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na macho mekundu pengine yalitosha kuwa ushahidi. Mtoto alifariki, ng'ombe walikufa, na badala ya kutafuta sababu watu walitafuta jina. Hapa fikira ya kwamba mzimu hauui huacha kuwa mbinu ya mtunzi, ikawa kinga ya uhai wa bibi aliye peke yake.

Wala hatari haikuwa upande wa wanavijiji peke yao. Mwaka 1976, katika msako wa kutafuta waliohusika na mauaji ya namna hiyo mikoani Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwatesa yeye; lakini alijiuzulu kwa kuwa jambo hilo lilitendeka chini ya wizara yake. Lengo la msako lilikuwa jema, kuwakomesha wauaji. Njia ndiyo iliyokuwa mbovu, na njia mbovu ilizaa maiti nyingine. Mwinyi huyo huyo akawa Rais mwaka 1985, na ni katika utawala wake, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, vituo vya televisheni vilipofunguliwa Bara.

Basi hofu ya Butiama juu ya televisheni ilikuwa na haki kwa upande wa gharama na pengo la mji na kijiji. Kwa upande wa ugeni ilipungukiwa. Holmes ni mgeni, na Shakespeare ni mgeni, na aliyemleta Shakespeare katika Kiswahili ni mwenye hofu mwenyewe. Hadithi ya jinai haimharibu mtazamaji kwa kuwa imetoka London, wala haimfaidi kwa kuwa imetoka Unguja. Humharibu inapomzoeza kushangilia jawabu lililopatikana kwa ndoto, kwa uvumi au kwa kipigo. Humfaidi inapomzoeza kuuliza jawabu limejulikanaje.

Kwa hiyo mabishano ya Musoma na Bunda juu ya msimu ulio bora yafaa yaendelee, tena yafanywe kwa bidii zaidi kuliko yafanywavyo, hata madarasani. Anayesema kuwa msimu wa kwanza wa Holmes wampita wa mwisho na aulizwe sababu. Akijibu kuwa mchezaji alikuwa kijana zaidi, bado hajajibu. Anayependa Duniani Kuna Watu kuliko Mzimu wa Watu wa Kale na aonyeshe ni wapi ukweli umethibitishwa na ni wapi umedhaniwa tu. Wakizoea kudaiana ushahidi juu ya Bwana Ali, ambaye hakuwahi kuishi, haitakuwa vigumu kwao kuudai siku watakapoletewa jina la jirani.