Mafundi Redio wa Pwani

Tangu mwaka 1951, ilipoanza kusikika Sauti ya Unguja, na ng'ambo ya bahari Sauti ya Dar es Salaam, redio iliingia katika nyumba za pwani kwa taadhima ya mgeni mtukufu, ikatengewa meza yake, ikafunikwa kitambaa cha kudarizi, na ilipougua haikutupwa, bali ilipakatwa hadi kwa fundi.

Fundi yule, kabla hajashika bisibisi, aliiwasha akasikiliza. Redio za wakati huo zilitumia valvu, taa ndogo za kioo ambazo sharti zipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Basi akisikia muungurumo mzito usiokoma, alijua ya kuwa kapasita ya kusafishia umeme imekauka. Sauti ikikwaruza kila kitufe kinapozungushwa, ni vumbi. Na mshale ukigoma kutembea ilhali kitufe kinazunguka, uzi wake umekatika. Fauka ya hayo, hewa yetu ya chumvi ilizila nyaya za shaba zikaota kutu ya kijani, naye akazikwangua na kuzitia lehemu upya. Na miaka ya themanini, fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri navyo, redio iliyokufa kabisa ikawa ndiyo ghala ya kuzitibia nyingine.

Redio za tranzista zilipoenea, zikafika mashambani na hata ngalawani, kwa mawe, yaani betri, ambayo watu waliyaanika juani yapate nguvu kidogo zaidi.

Televisheni ilitaka hadhari kubwa. Unguja iliipata ya rangi mwaka 1973, Bara ikangoja hadi 1994, na katika kungoja huko wako waliosimamisha eriali ndefu Dar es Salaam kuielekea Unguja, wakaridhika na picha yenye chenga. Kioo cha televisheni ya rangi kilihitaji takriban volti 25,000, nacho huweza kubaki na umeme hata baada ya kuzimwa; kwa hiyo fundi mwenye adabu ya kazi yake aliupeleka mkono mmoja nyuma ya mgongo, umeme usipate njia ya kuvuka kifuani, na kwa mkono wa pili akapenyeza chini ya kifuniko cha mpira bisibisi iliyounganishwa kwa waya na fremu, mpaka usikike mwaliko mkavu, ndipo aanze kazi.

Leo televisheni ni bapa, na ikiharibika aghalabu hubadilishwa bodi nzima, hata fundi asijue ni kiungo gani kilichougua. Chombo hupona, tena kwa haraka. Lakini elimu ile ya kuutambua ugonjwa kwa sikio, ambayo mwanafunzi aliipokea kwa kukaa karibu na fundi wake miaka mingi, bila ya kitabu, imekosa wa kuirithi, nami naihuzunikia.