Riwaya za Elvis Musiba na Hukumu za Wasomaji Wake: Mtazamo Kutoka Nachingwea

Imetimia nusu karne sasa tangu wasomaji wa Kiswahili waanze kuhitilafiana juu ya riwaya za Aristablus Elvis Musiba, na hitilafu hiyo haijatulia. Wako wanaomhesabu miongoni mwa waandishi waliopendwa kuliko wote katika nchi hii. Wako pia wanaoona kwamba vitabu vyake ni vya kupitishia wakati tu, wala havistahili kuwekwa juu ya meza ya mwanachuoni. Makala haya hayakusudii kumpa ushindi mmoja wao. Nia yake ni kuonyesha kwamba kila kundi limempima mwandishi huyu kwa kipimo chake, na kwamba kuna kipimo kimoja ambacho wahakiki hawakukitumia, nacho ni kile cha watu walioishi jirani na mambo aliyoyafanyia hadithi. Watu hao wamo Nachingwea na Ruangwa, na miongoni mwao ndimo nilimozaliwa, huko Naipingo.

Kwanza yafaa tumweke Musiba mahali pake. Si yeye aliyeanzisha hadithi za upelelezi katika lugha yetu. Mohamed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 kwa kisa chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuata kwa Simu ya Kifo mwaka 1965. Bwana Msa wa Abdulla ni mtu wa kiko na fikira. Mafumbo anayoyafumbua ni ya mirathi, nasaba na ushirikina, na aghalabu huyafumbua akiwa amekaa. Musiba alimtoa mpelelezi barazani akamtia katika shughuli za dola. Katika Kufa na Kupona, kilichotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1974, nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, na kijana Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzirejesha. Katika Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979 anapelekwa Kinshasa. Vitabu vingine vikafuata, na Ben Mtobwa naye akamleta Joram Kiango wake katika njia ile ile. Musiba mwenyewe hakuishi kwa kalamu peke yake. Alikuwa mfanyabiashara aliyefikia kuongoza chemba ya wafanyabiashara ya taifa. Alifariki mwaka 2010.

Hukumu ya kwanza ilitoka kwa wanazuoni. Katika miaka ya 1970 wengi wa wahakiki wetu waliitaka fasihi iwe mtumishi wa ujenzi wa nchi, nao walipomtazama Willy Gamba waliona magari ya mbio, hoteli kubwa, vinywaji na bastola. Wakasema kwamba huyu ni James Bond aliyepakwa rangi, na kwamba nyuma yake wamesimama Ian Fleming na James Hadley Chase. Chuo chetu chenyewe kilichapisha mwaka 1981 kitabu cha Rajmund Ohly, Aggressive Prose, juu ya nathari ya miaka hiyo, na jina lake tu lilitosha kuonyesha jinsi maandishi ya aina hii yalivyoishtua taaluma. Baadaye likaenea jina la fasihi pendwa, jina ambalo kwa wengine ni maelezo na kwa wengine ni tusi la adabu. Katika mashitaka ya wanazuoni kuna moja ambalo sioni njia ya kulikanusha. Mwanamke katika riwaya hizi aghalabu ni mtego au ni zawadi. Ni mara chache kuwa mtu mwenye akili na safari yake mwenyewe.

Hukumu ya pili ni ya walinzi wa lugha. Hao hawakujali sana bastola. Walichochukia ni sentensi. Walisema kwamba mtungo wake umeigwa katika Kiingereza, kwamba methali ni haba, na kwamba ladha ya pwani haimo. Mimi ambaye kazi yangu ni sarufi nimelifikiri shitaka hili kwa muda mrefu, nami naona lina kweli nusu. Ni kweli kwamba sentensi za namna hii ni fupi na zinakimbia. Lakini kukimbia si kosa la sarufi. Kiswahili cha vitabu kilikuwa kimezoea kusimulia kwa mwendo wa mtu aliyeketi. Hadithi ya mtu anayefukuzwa ilihitaji mwendo mwingine, na waandishi wa kundi hili waliutafuta. Tena shitaka la ladha ya pwani lingewaangukia maelfu ya wasemaji wa bara, ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili na ni mali yao vilevile. Kwetu mtoto huanza na Kimwera, Kiyao au Kimakua, na Kiswahili anakipata shuleni na sokoni. Kwa mtoto huyo, Kiswahili kisicho na mafumbo ya mwambao ni mlango ulio wazi.

Hukumu ya tatu ni ya wasomaji wenyewe, nayo inataka historia ili ieleweke. Mwaka 1967 zaidi ya asilimia 60 ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Kwa kampeni ya elimu ya watu wazima idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975. Hapo likazuka swali ambalo kampeni haikuwa na jibu la kutosha kwalo: mtu akishajua kusoma, asome nini? Vitabu vya kisomo vilimfundisha kilimo bora, afya na uraia, navyo vilikuwa na faida. Lakini havikumfanya mtu akeshe na kibatari. Vitabu vya Musiba viliwakesha watu. Vilipita mkono hata mkono, vikipoteza jalada kwanza, kisha kurasa za mwanzo, hata msomaji wa mwisho akaanza hadithi katikati. Wanaomsifu Musiba kwa sababu hiyo hawadai kwamba aliandika vizuri kuliko wengine. Wanadai kwamba aliwafanya wasomaji, na dai hilo ni zito.

Sasa nije kwetu. Jina la Nachingwea liliingia katika vitabu vya dunia kwa mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35. Ulipokwisha uliacha mashamba yaliyofyekwa, majengo na reli ya kwenda Mtwara, nayo reli ikang'olewa. Katika mashamba hayo, mwongo mmoja baadaye, FRELIMO ilipata kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi. Chama hicho kilikuwa kimeundwa Dar es Salaam Juni 1962, na vita vyake vilianza Septemba 1964. Vijana waliopita Nachingwea walivuka Ruvuma kwenda kupigana, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Kufa na Kupona, basi, kilitoka mwaka ule ule ambao vita vilikwisha. Na siri iliyoibwa ndani yake ni siri ya jambo lililokuwa likitendeka karibu na nyumba za wazee wetu.

Nilikisoma kitabu hicho nikiwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa sauti, mbele ya babu mmoja wa ukoo wetu ambaye macho yake yalikuwa yamechoka. Alisikiliza kwa makini, akacheka mahali pa kuchekwa. Tulipofika mwisho, nyaraka zimerudi na adui wameangamia, akaniuliza kama hao wenye siri walikuwa wakikaa hewani. Sikumfahamu. Akaeleza kwamba yeye aliyaona malori ya usiku kwa miaka mingi, na alijua yanakwenda wapi, na hakumwambia hata mkewe; naye mkewe alijua, wala hakumwambia yeye. Kwa hukumu yake kitabu kilikuwa kizuri, lakini kiliiweka siri mahali pasipo pake. Musiba aliiweka katika karatasi, ndani ya ofisi, ili mtu mmoja hodari aweze kuirejesha. Babu aliijua kuwa imewekwa katika vinywa vya watu, na mtu mmoja hodari asingeweza kuirejesha kama wale wengi wangeifungua.

Mkewe hakukubaliana naye. Kwa maoni yake, kitabu kile ndicho cha kwanza alichosikia kikisema kwamba vita vya jirani vilikuwa shughuli yetu pia, na kwamba Mtanzania alikuwa na sehemu ndani yake inayostahili kusimuliwa. Akaongeza kwamba adui wa mjini hakuwa wa kubuni. Kweli hiyo haina ubishi: Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Mhakiki aliyesema kwamba mambo ya Musiba hayawezekani alisahau upesi mno mji aliokuwa akiishi.

Naona kwamba wazee hawa wawili walifika mahali ambapo taaluma haijafika. Wahakiki waliuliza kama Willy Gamba ameigwa. Walinzi wa lugha wakauliza kama anasema sawasawa. Walimu wakauliza kama anasomwa. Wazee wa Naipingo waliuliza kama anasema kweli juu ya nani aliyebeba mzigo, na jibu lao lilikuwa kwamba amesema kweli juu ya hatari, asiseme kweli juu ya wabebaji. Kosa hilo si la Musiba peke yake. Ni kosa la namna nzima ya hadithi ambayo haiwezi kwenda bila shujaa mmoja, nasi tuliipokea namna hiyo pamoja na bastola zake bila kuiuliza swali.

Babu yule amekwisha kufariki, na mkewe pia. Wenzao waliobaki ni wachache, na kila msimu wa mazishi unawapunguza. Rafu zetu zina tasnifu juu ya waandishi wa riwaya pendwa. Juu ya wasomaji wao zina kidogo mno. Mwanafunzi atakayekwenda Nachingwea au Ruangwa na nakala moja ya Kufa na Kupona, akaisoma kwa sauti barazani na kuandika yatakayosemwa, atakuwa ameifanya kazi ambayo sisi tuliiacha. Na aende mapema.