Hafla ya Wacheza Raksi: Tuiiteje kwa Kiswahili?

Msomaji wa Kiswahili akisikia neno hafla huona meza kuu, mgeni rasmi, hotuba tatu na mshereheshaji anayeomba radhi kwa kuchelewa. Tuna hafla ya uzinduzi, hafla ya kuapishwa, hafla ya kukabidhi madawati. Ni neno lililovaa suti. Wacheza raksi ya Kiarabu waliotapakaa San Francisco, London na Tokyo nao wanalo neno hilohilo, na kama sisi wamelichukua kutoka Kiarabu. Lakini kwao hafla ni jioni ya kucheza, kula na kushangiliana, ambapo mwanafunzi aliyejiunga na darasa juzi hupanda ukumbini alipopanda mwalimu wake. Mfasiri akiliacha neno kama lilivyo, herufi zitabaki na maana itaondoka. Makala haya yanaeleza istilahi hiyo ina maana gani kwa watu wa fani, imezaliwa na haja ipi, na Kiswahili kiipe jina gani.

Tuanze na jina la raksi yenyewe. Waarabu huiita raqs sharqi, yaani uchezaji wa mashariki, hasa ule wa jukwaani wenye vazi maalumu na bendi kamili. Uchezaji wa nyumbani na mtaani huuita raqs baladi, wa kienyeji. Katika aina zote mbili nguvu hutoka kiunoni, nyongani na kifuani. Miguu haiendi mbali, na ustadi hupimwa kwa uwezo wa kusogeza kiungo kimoja huku vingine vimetulia.

Jina la tumbo lilitoka kwa watazamaji wa Ulaya. Wafaransa waliiita danse du ventre, yaani ngoma ya tumbo, na jina hilo likavuma Paris wakati wa maonyesho ya dunia ya 1889. Miaka minne baadaye Chicago nayo ilifanya maonyesho yake. Sol Bloom, aliyesimamia burudani za eneo la Midway Plaisance, hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyelieneza jina hilo la Kifaransa kwa Kiingereza ili kuuza tiketi. Kwa hiyo anayesema "ngoma ya tumbo" kwa Kiswahili anafasiri jina lililovumishwa na biashara. Tena kwetu tumbo ni mahali pa chakula, mimba na maradhi, wakati kiungo kinachosifiwa katika uchezaji wa namna hii ni kiuno. Hakuna bibi wa pwani anayemwambia mjukuu wake "kata tumbo".

Humu basi nitatumia raksi sharki. Q ya Kiarabu imegeuka k, kama ilivyogeuka katika kanuni na wakfu, na sharki ni ndugu wa damu wa neno letu mashariki. Jina hili linazaa kwa urahisi: mcheza raksi, mwalimu wa raksi, darasa la raksi. Istilahi isiyozaa hufa na aliyeitunga.

Raksi hii ina historia ndefu ya kufukuzwa na kurudishwa. Katika Misri ya karne ya 19 walikuwapo awalim, wanawake waliojua mashairi na uimbaji na walioalikwa kwenye kumbi za wanawake wa nyumba kubwa, na ghawazi, waliocheza barabarani na kwenye sherehe za watu wa kawaida. Mwaka 1834 mtawala Muhammad Ali aliwapiga marufuku wachezaji wa hadharani mjini Cairo, na wengi wakahamia miji ya kusini kama Esna na Qena. Mwaka 1926 Badia Masabni, mwanamke mwenye asili ya Sham, alifungua ukumbi wake mjini Cairo. Hapo ndipo walipopita Samia Gamal na Tahia Carioca kabla ya filamu za Misri kuwapeleka kila penye sinema ya Kiarabu. Mwaka 1959 Mahmoud Reda akaanzisha kikundi kilichotoa michezo ya vijijini na kuipandisha jukwaani.

Katika historia yote hiyo neno hafla halikuhitaji maelezo. Lilikuwa sherehe, basi. Msichana wa Cairo hujifunza kucheza harusini, kwa shangazi na binamu zake, tangu hajui kusoma. Anaangalia, anaiga, anavutwa katikati, anapigiwa makofi. Hana haja ya darasa wala ya siku maalumu ya kuonyesha alichojifunza, maana harusi haziishi.

Mambo yalibadilika raksi ilipofika California. Jamila Salimpour, mmoja wa walimu walioweka msingi huko, aliipa miendo majina na kuipanga ili ifundishike darasani, na mwaka 1968 akaanzisha kikundi cha Bal Anat. Mwaka 1987 Carolena Nericcio alianzisha kikundi cha FatChanceBellyDance mjini San Francisco. Mtindo wao ni wa kundi kucheza papo kwa papo: mmoja anaongoza kwa ishara, wengine wanamfuata bila kupanga kitu mapema. Waliojiunga na madarasa ya namna hii wengi hawakuwa Waarabu. Walikuwa wauguzi, makarani, walimu na wanafunzi waliotaka mazoezi ya mwili wakakuta sanaa.

Darasa la kawaida huanza kwa kunyoosha viungo. Kisha mwalimu hurekebisha mkao: magoti yalegee, kifua kinyanyuke, mgongo wa chini usipinde. Ndipo unakuja mwendo mmojammoja. Kuna kudondosha nyonga, kuna nane inayochorwa kwa kiuno, kuna wimbi linaloshuka kutoka kifuani hadi nyongani, na kuna mtetemo, ambao mwanafunzi huufukuzia kwa miezi kabla haujamjia wenyewe. Sambamba na miendo hufundishwa midundo. Maksumi, mdundo unaoenea kuliko yote, husikika dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak. Ukianza kwa dum mbili mfululizo umeingia baladi. Mwanafunzi asiyesikia tofauti hiyo atacheza juu ya muziki, hatacheza ndani yake.

Miezi ikipita, anajua nane na anajua wimbi, lakini atacheza wapi? Mgahawa unataka mzoefu, na tamasha linataka jina. Harusi za kwao zina muziki mwingine, na mama yake hajui ngoma ya dumbaki ni kitu gani. Hafla ya wacheza raksi imezaliwa na upungufu huo. Ni harusi isiyo na bibi wala bwana harusi, iliyobuniwa na watu ambao jamii yao haikuwapa uwanja wa kuchezea.

Mwalimu au kikundi hukodi ukumbi mdogo, au huweka viti pembeni katika chumba cha mazoezi. Kiingilio huwa kidogo, kinachofidia kodi ya ukumbi, na mara nyingi kila mtu huja na chakula cha kuchangia. Wachezaji hujiandikisha mapema, na wanafunzi wapya mara nyingi hutangulizwa ili wasikae na hofu usiku mzima. Baada ya onyesho la zamu kwa zamu, uwanja hufunguliwa na kila aliyekuja, mgeni kwa mwenyeji, huingia kucheza. Ukumbi usipofunguliwa kwa wote, wenye fani watakwambia hiyo haikuwa hafla.

Kuna adabu zake pia. Mchezaji hujifunika joho au baibui mpaka zamu yake ifike, na akishuka hujifunika tena, kwa sababu vazi la raksi ni la jukwaani. Hupigi picha za video bila ruhusa. Humgusi mchezaji, na humrekebishi mwanafunzi wa mwenzio mbele ya watu. Wajibu mkubwa wa anayekaa kwenye kiti ni kupiga vigelegele. Wazungu wengi hawakulelewa na vigelegele, kwa hiyo hufundishwa darasani namna ya kuzungusha ulimi, jambo ambalo mwanamke wa Mombasa au Unguja hakumbuki alijifunza lini.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii inaieleza hafla ya raksi kuliko kamusi yoyote: mtu hupewa nafasi ya kuchezea kwao kwanza, kwa watu watakaomtunza hata akikosea, kabla ya kukabiliwa na macho ya wageni.

Sasa tuchague jina. Lililo karibu kabisa ni hafla yenyewe, na faida yake ni kwamba linafanana na linalotumiwa duniani kote na watu wa fani. Kasoro yake tumeiona: kwetu limekwishapewa kazi serikalini na maofisini. Tangazo la "Hafla ya Raksi, Jumamosi saa moja usiku" litamfanya msomaji aulize mgeni rasmi ni nani, na mwanafunzi mwenye woga atadhani si mahali pake.

Pili ni ngoma. Kwa maana, ndilo linalogusa kitovu cha jambo. Tunaposema "leo kuna ngoma" tunamaanisha tukio ambalo mchezaji na mtazamaji hubadilishana nafasi, jambo lilelile linalofanyika ukumbi unapofunguliwa. Lakini ngoma limebeba mzigo mzito. Ni ala, ni uchezaji, ni tukio, kwa vijana ni wimbo wowote uliorekodiwa, na mtaani lilishatumika kuutaja UKIMWI kwa mafumbo. Istilahi inataka neno lenye maana chache.

Tatu ni karamu, ambayo huweka chakula mbele. Katika jioni hii chakula kipo, lakini hakuna aliyetoka kwake kwa ajili ya sambusa.

La nne ni tafrija. Ni mkusanyiko wa kujiburudisha, mdogo kuliko tamasha, mwepesi kuliko hafla, usiodai itifaki. Kweli, maofisi yana tafrija ya mchapalo na tafrija ya kumuaga mkurugenzi, lakini hata huko neno hutumika pale hotuba zinapokwisha na watu kuanza kuzungumza wamesimama. Hivyo napendekeza tafrija ya raksi. Ni fupi, inaeleweka mara ya kwanza, na haimtishi anayeanza.

Faida nyingine ya uchaguzi huu ni kwamba unatuachia maneno mengine yafanye kazi yake. Darasa la raksi ni la kila wiki, chini ya mwalimu mmoja. Warsha ni ya saa kadhaa au siku mbili, na mwalimu wake mara nyingi ni mgeni aliyealikwa kufundisha jambo moja, kama matumizi ya fimbo katika mtindo wa Saidi wa Misri ya Juu. Onyesho lina tiketi, jukwaa na mstari kati ya mchezaji na mtazamaji. Tamasha hukusanya warsha, maonyesho, mashindano na soko la mavazi kwa siku kadhaa. Mfano unaojulikana ni Ahlan wa Sahlan la Cairo, lililoanzishwa na Raqia Hassan. Tafrija ya raksi haina tiketi ya kifahari wala majaji. Anayetaka kuanza aanzie darasani, ahudhurie tafrija kabla ya kucheza, halafu acheze kabla ya kufikiria tamasha.

Vifaa na vitendo vya jioni hiyo havina shida ya majina, kwa kuwa vingi tunavyo tayari. Kitambaa kinachofungwa kiunoni ili mwendo uonekane ni kibwebwe, kile ambacho wanawake wa pwani hujifunga wanapocheza chakacha. Visahani vya shaba vinavyopigwa kwa vidole, ambavyo Wamisri huviita sagat, ni matoazi ya vidole. Ngoma yenye umbo la kikombe ambayo Misri huiita tabla na kwingine darabuka, wapiga taarabu wa Zanzibar huiita dumbaki. Udi, kanuni na nai viko pale pale, na mpenzi wa taarabu asilia akisikia bendi ya Kimisri inafungua kazi hatajiona mgeni. Mcheza raksi wa Misri, Suhair Zaki, anakumbukwa kwa kuzicheza nyimbo za Umm Kulthum, sauti iliyowalea pia waimbaji wetu wa visiwani. Hata fedha anazopewa mchezaji harusini Misri tuna kitenzi chake: kutunza.

Tahadhari moja inabaki. Ukaribu wa maneno usitufanye tudai kwamba raksi sharki na chakacha ni kitu kimoja. Chakacha ina nyimbo zake, mafumbo yake na harusi zake. Msondo na unyago, ambavyo Bi Kidude wa Zanzibar alivibeba hadi kifo chake mwaka 2013, vina mafunzo ya ndani ambayo hayauzwi kwa kiingilio. Kinachofanana ni kiuno kinachosema na jamii inayoitikia, na ndiyo maana Kiswahili kina maneno ya kuieleza raksi ya wenzetu bila kuiita tumbo.

Kwa wafasiri, waandishi wa matangazo na walimu wanaofundisha fani hii kwa Kiswahili, ombi langu ni hili: andikeni raksi sharki kwa uchezaji, tafrija ya raksi kwa jioni ya wanafunzi, na hafla muwaachie wenye mgeni rasmi. Nawe msomaji, ukialikwa kwenye tafrija hiyo, beba sahani ya chakula, acha kamera mfukoni na uende na vigelegele vya kutosha. Huko ni adimu.