Chumvi Ilipopanda Treni

Mji wa Singida umekaa kati ya Singidani na Kindai, maziwa yenye maji ya chumvi. Lakini chumvi iliyovuma bara ilitoka Uvinza, ambako maji ya chemchemi yalichemshwa vyunguni kwa zaidi ya miaka 1,000, ikabebwa na wapagazi. Kwa kuwa ilibebwa hivyo, haikumwagwa ovyo.

Reli ya Kati, iliyopita Manyoni na Itigi na kufika Kigoma mwaka 1914, ilirahisisha usafiri wa chumvi hiyo.

Chumvi ikawa rahisi kupatikana, lakini figo zetu, zinazoitoa mwilini, hazikubadilika. Miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Lewis Dahl alipandikiza figo kati ya panya wenye presha ya juu na wasio nayo, na presha ikafuata figo! Figo zikishindwa kutoa chumvi upesi, mwili huhifadhi maji na presha hupanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku.