Kinga, Daraja na Moshi Unaonguruma

Tangu mwaka 2003 kuna watu wanaopanda baiskeli kutoka Cairo, Misri, mpaka Cape Town, safari ya kama kilomita 12,000. Wakifika Zambia wanapumzika Livingstone, kwenye maporomoko ya Zambezi. Wanafua nguo, wanakaza breki, wanatazama maji yanayoanguka zaidi ya mita 100.

Ndugu msomaji, David Livingstone alipofika hapo mwaka 1855 na kupaita Victoria, alikuta jina tayari lipo: Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Sikiliza hiyo "mosi". Si ni moshi wetu kabisa? Neno lilitembea kabla mpaka haujachorwa.

Daraja la hapo lilimalizika mwaka 1905. Mwaka 1973 mpaka kati ya Zambia na Rhodesia ukafungwa. Agosti 1975 Ian Smith na viongozi wa wapigania uhuru walikaa meza moja ndani ya behewa la treni, juu ya daraja hilohilo. Mazungumzo yalivunjika, vita vikaendelea. Leo mwenye baiskeli anagongewa muhuri na kuvuka.

Sisi tuliotoka Katanga baiskeli tunaiita kinga. Tulipakia juu yake unga, magodoro, watoto, hata wagonjwa, tukavuka mpaka. Hakuna aliyetuita watalii. Wale wa Cairo siwaonei wivu, jasho lao ni la kweli. Ila mimi nikitaka kwenda kuona huo moshi, naanza kwanza kuomba kibali cha kutoka kambini. Mpaka wa 1973 ulifungwa na watu, na watu ndio waliokuja kuufungua.