Kikoa

Pwani, kula kikoa ni kula kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako, sinia moja. Watu wa kompyuta wamelichukua neno, na sasa jina la kikoa ni anwani ya tovuti, kama zile zinazoishia na .co.tz. Humu hakuna zamu. Anayewahi kusajili ndiye mshikaji, mradi alipe ada kila mwaka. Akisahau, jina linarudi sokoni. Wapo wanaokusanya majina hayo, wakabandika matangazo kwenye ukurasa mtupu na kungoja senti za wanaobofya. Katika kikoa cha zamani mtu huyo aliitwa mdowezi.

Chukua kijiji cha pwani cha Kigombe, ambako wavuvi wamewahi kunasa silikanti, na bahari yake tangu 2009 imo katika hifadhi ya samaki huyo. Mtu wa mbali aweza kusajili jina lenye neno “silikanti” kabla ya mwenye nyumba ya wageni kijijini kuwaza tovuti. Matangazo hayatamlipa kitu (nani huandika neno hilo kwa bahati?), faida, kama ipo, ni kumuuzia mwenyeji. Na pengine mshikaji si wa mbali hata kidogo: ni fundi aliyetengeneza tovuti, akasajili kwa jina lake mwenyewe.